Mafuta ya lifti Tegeta–Posta

Habari za jioni ndugu zangu. Bei kikomo za mafuta za EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila zikibadilika tunaanza kubishana upya nani achangie kiasi gani kwenye gari tunalopanda pamoja. Naomba tuache kukisia, tupime.

Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita za kwenye dashibodi. Tembea wiki nzima kama kawaida, rudi sheli ileile, jaza tena mpaka ikate. Kilomita ulizotembea gawa kwa lita zilizoingia. Mimi nimepata kilomita 412 kwa lita 38, yaani kama 10.8 kwa lita. Kwenda na kurudi kwangu ni kilomita 52, karibu lita 4.8. Lita ikiwa shilingi 3,000 hiyo ni kama 14,400, tukiwa wanne kila mtu 3,600. Bei ikibadilika, badilisha hiyo 3,000 tu.

Kingine cha kupunguza mafuta, angalieni upepo asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Langu moja la nyuma lilikuwa na psi 24 badala ya 33, na kwa macho usingejua! Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kwenye buti toeni mizigo isiyo na kazi.

Kinachokula mafuta zaidi ni foleni ya Mwenge, gari inaunguruma tu haisogei. Kuanzia Jumatatu naomba tutoke saa 11:30 alfajiri badala ya saa 12:15. Wenye watoto wa kupeleka shule niambieni leo, tuwapange gari la pili.