Shangazi, ni nani aliyeniita kwa jina la nyumbani?

Shangazi yangu,

Kwenye matanga ya babu uliniambia mbele ya watu, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nilinyamaza kwa heshima. Leo nakujibu, kwa kuwa mkono wangu wa kushoto bado unaugua. Mvua ikikaribia, vidole viwili hufa ganzi.

Siku yenyewe unaijua: Jumamosi, Januari 26, 2008, hapo Nakuru, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tulikuwa tumezima taa na kuegemeza kitanda mlangoni. Tangu saa mbili usiku nilisikia mapanga yakikwaruza mabati, na sikufungua. Kisha mtu akabisha taratibu, akaniita kwa jina la nyumbani, lile alilonipa nyanya, ambalo hata shuleni halikujulikana. Nikadhani ni jirani amekuja kutuokoa. Nikasogeza kitanda.

Katika ploti ile ya vyumba vinane, waliolijua jina hilo walikuwa wachache mno. Chumba chako kilikuwa cha tatu kutoka chetu, na kuta zilikuwa za mbao.

Ukweli nimeutafuta kila nilikoelekezwa. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, niliipeleka kituoni, ikapotea pamoja na jalada. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu waliouawa 1,133. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakabidhi ripoti yake Mei 2013. Kesi za wale washukiwa sita wa ghasia hizo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ziliporomoka moja baada ya nyingine, ya mwisho Aprili 2016, nami nililia kama mtu aliyefiwa. Lakini hata zingefaulu zote, ni jaji gani angeuliza habari za jina langu la nyumbani?

Simtafuti mtu ili afungwe. Najua uliolewa upande ule. Najua pia kwamba ni wewe uliyenifunga mkono kwa leso yako ya maua mekundu, ukanilaza mapajani hadi alfajiri. Nakupenda kwa hilo. Ndiyo maana inaniuma kwamba kila nikiitaja ile sauti, unainuka kwenda kuangalia chungu jikoni.

Kama ni mmoja wa wanao, niambie. Kama alishikiwa panga shingoni, niambie hilo pia, maana huenda likanirudishia usingizi. Siku hizi hata mama haniiti jina lile; nilimsihi aache.

Nitakuja Jumapili baada ya ibada, peke yangu. Tukae nje, chini ya mparachichi, mbali na jikoni.