Hakuna kwotabeki wa bei chee

Ndugu Mhariri,

Nilikuwa nasoma makala yenu ya usajili wa NFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, kwa raha zangu mpaka nikafika pale mwandishi anaposema kwamba timu yenye akili haimwagi mamilioni kwa kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) mzoefu aliyemaliza mkataba, ilhali drafti ya Aprili, ambapo timu huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, itaipa kinda wa bei chee. Mimi naishi Minneapolis na ni shabiki wa Vikings, timu ya hapa Minnesota. Ushauri huo sisi tumeshaufuata, na matokeo yake tumeyaona. Naomba nafasi kidogo.

Wasomaji waliozoea usajili wa Simba na Yanga wajue jambo moja. Kule NFL hakuna ada ya uhamisho. Timu haiendi na begi la fedha kwa jirani ikamnunua mshambuliaji wake. Hubadilishana wachezaji au nafasi za kuchagua kwenye drafti, au husubiri mchezaji amalize mkataba awe huru, ndipo dirisha la Machi linapochangamka. Na timu zote 32 zina ukomo mmoja wa mishahara. Mwaka 2025 ulikuwa dola milioni 279.2. Kila milioni anayoongezwa kwotabeki imetoka kwenye fungu la beki au la yule jitu la mstari wa mbele linalomkinga.

Hapo ndipo kinda anapopendwa. Mwaka 2010 kwotabeki Sam Bradford, chaguo la kwanza la drafti, alipewa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, na milioni 50 kati ya hizo zilikuwa za uhakika hata kabla hajarusha pasi. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakaandikiana makubaliano mapya, mshahara wa kinda ukapangwa kwa nafasi aliyochaguliwa, na Cam Newton, naye chaguo la kwanza, akapata kama milioni 22 kwa miaka minne. Tangu siku hizo mameneja wanaimba wimbo mmoja: mpate kijana, mlipe kidogo, baki ya fedha jengea timu. Mwandishi wenu ameuimba vizuri. Ila ameacha beti.

Machi 2024 Kirk Cousins, aliyekuwa kwotabeki wetu kwa miaka sita, alikuwa huru akaenda Atlanta Falcons kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 180. Sisi tukamchukua kwotabeki Sam Darnold kwa mwaka mmoja na milioni 10, fedha ambazo kwa kwotabeki wa ligi ile ni nauli tu. Aprili tukamchagua kwotabeki kinda J.J. McCarthy wa Chuo Kikuu cha Michigan, namba 10 kwenye drafti. Mpango ulikuwa Darnold aongoze, kijana ajifunze. Agosti goti la McCarthy likaumia kwenye mechi ya kwanza ya maandalizi, na msimu wake ukaishia hapo. Darnold akabaki na mzigo wote. Akashinda mechi 14 kati ya 17, pasi zake zikapita yadi 4,300, akapiga pasi 35 za tachidauni, yaani za kufunga.

Kisha mechi mbili zikamchafulia jina. Detroit walitufunga 31-9 siku ya mwisho ya msimu wa kawaida, na Rams wakatutoa kwenye mchujo 27-9, wakimwangusha Darnold mara tisa. Mji mzima ukamgeuka. Vikings walikuwa na haki ya kumzuia mwaka mmoja zaidi kwa dola zaidi ya milioni 40. Wakaona nyingi, kwa sababu McCarthy alikuwa ndani ya mkataba wa karibu milioni 22 kwa miaka yote minne. Darnold akaenda Seattle kwa miaka mitatu, milioni 100.5. Kwotabeki Daniel Jones, aliyekuwa akisugua benchi letu, naye akaondoka, akaenda Indianapolis kwa milioni 14. Fedha tulizookoa tukasajilia watu wa mistari ya mbele: Jonathan Allen, Javon Hargrave, Will Fries, Ryan Kelly. Kwenye karatasi ilipendeza. Nami nilisifu.

Mechi ya kwanza ya 2025, kule Chicago, McCarthy aliamka robo ya mwisho tukashinda 27-24, na sitasema uongo, nilipiga kelele kama wengine. Wiki iliyofuata kifundo cha mguu. Baadaye mtikisiko wa kichwa. Baadaye mkono. Alianza mechi 10 kati ya 17. Tarehe 30 Novemba tulikwenda Seattle kinda wetu akiwa nje kwa sababu ya kile kichwa, akapangwa Max Brosmer, kijana ambaye hakuna timu hata moja iliyomchagua kwenye drafti. Tukafungwa 26-0. Upande wa pili alikuwa amesimama Darnold. Februari 8, 2026, Santa Clara, mtu huyohuyo akanyanyua kombe la Super Bowl, fainali ya ligi, baada ya Seattle kuwafunga New England Patriots 29-13.

Mwandishi wenu anaweza kusema ni bahati mbaya, majeraha hayapigi hodi. Sawa. Lakini hebu amwangalie Darnold mwenyewe alikotoka, kwa sababu huyu naye aliwahi kuwa kinda wa bei chee. New York Jets walimchukua namba 3 mwaka 2018, wakamwanzisha mechi ya kwanza akiwa na miaka 21. Pasi yake ya kwanza kabisa ilinaswa na kurudishwa hadi tachidauni. Oktoba 2019, usiku wa Jumatatu, maikrofoni ya televisheni ilimnasa akisema anaona mizimu, wakati Patriots wakimfunga 33-0. Nchi nzima ikacheka. Akapelekwa Carolina, akaenda San Francisco kukaa benchi nyuma ya kwotabeki Brock Purdy, na kule benchi, bila mtu kumpigia kelele, ndiko alikoanza kutulia. Jets walilipa mshahara mdogo, wakapata kwotabeki aliyevunjika moyo, na matunda wakala wengine miaka saba baadaye. Hiyo ni bei chee ya nani?

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, hata wenzangu wa Minnesota. Atlanta walichekwa mwaka 2024 kwa sababu wiki chache baada ya kumpa Cousins mamilioni yale walimchagua kwotabeki kinda Michael Penix Jr. namba 8. Kwotabeki wawili wa nini? Juu yake, ligi ikawapiga faini ya dola 250,000 na kuwanyang'anya chaguo la raundi ya tano, kwa kuzungumza na Cousins kabla ya muda. Desemba Cousins akawekwa benchi baada ya pasi 16 kunaswa, na kicheko kikaongezeka. Lakini Novemba 2025 goti la Penix likaondoka, na aliyeingia uwanjani alikuwa mzee Cousins, si kijana wa kuokoteza. Sisemi Atlanta walifaulu. Kocha na meneja wao wote wamefukuzwa. Nasema tu kwamba wazo la kuwa na mtu mzima mwenye uzoefu karibu na kinda, hata akiwa ghali, halikuwa wazimu. Sisi tuliokuwa na mtu wa namna hiyo, tena bora zaidi, tulimfungulia mlango. Mimi ningekuwa meneja, ningemzuia Darnold kwa ile milioni 40 na kuachana na Allen na Hargrave.

Najua majina ya makwotabeki makinda ninayoweza kurushiwa. Jayden Daniels aliwafikisha Washington fainali ya kanda mwaka wake wa kwanza. Bo Nix aliipeleka Denver kwenye mchujo wakati timu ingali inabeba dola milioni 85 za kumwachisha kazi kwotabeki wake wa zamani, Russell Wilson. Kweli tupu. Ila Nix aliingia chini ya Sean Payton, kocha aliyemlea kwotabeki Drew Brees miaka mingi New Orleans. Na Daniels, mwaka wa pili majeraha yakamweka nje na Washington wakaporomoka hadi ushindi wa mechi tano.

Mfano ulio bora kuliko hiyo ni wa Drake Maye, kwotabeki wa New England. Msimu wake wa kwanza New England walishinda mechi nne. Wa pili wakashinda 14 na kucheza Super Bowl. Kijana ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba walimleta Mike Vrabel kuwa kocha, wakamwaga fedha nyingi kuliko karibu timu yoyote kwenye dirisha la Machi 2025, beki Milton Williams peke yake milioni 104 kwa miaka minne, wakamleta Stefon Diggs wa kumpokelea pasi, na chaguo lao la kwanza wakalitumia kwa Will Campbell wa kumlinda. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukijumlisha gharama zote hizo, niambie kama Maye alikuwa wa bei rahisi.

Sasa Aprili 2026 inakuja, drafti iko Pittsburgh, Las Vegas Raiders wana chaguo la kwanza, na jina lililo midomoni mwa watu ni kwotabeki Fernando Mendoza, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, aliyeipa Indiana ubingwa wa vyuo. Nina hakika mtamwandikia kurasa mbili: urefu, kasi, nguvu ya mkono, alama za majaribio. Andikeni. Ila ongezeni safu moja tu ya maswali: nani atakuwa kocha wake mwaka wa pili, nani atasimama mbele yake kumkinga, na kama akiumia Oktoba ni nani ataingia. Raiders walishinda mechi tatu msimu wa 2025, kwa hiyo majibu ya maswali hayo hayatapatikana kwenye mkono wa Mendoza. Yatapatikana kwenye dirisha hili la Machi, ambalo mwandishi wenu anawashauri walipite kimya kimya.

Msomaji wenu,
Minneapolis, Minnesota