Picha za kari zipigwe kwenye sufuria

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, maana nina kinyongo na hivi vitabu vya mapishi vya picha, hasa vya kari. Kuna kimoja nilizawadiwa, kizito, karatasi zinang'aa, kila ukurasa bakuli la mchuzi mwekundu umemwagiwa majani ya giligilani juu, ukiangalia tu mate yanakutoka. Sasa ingia nacho jikoni uone.

Pishi la kwanza tu limeandikwa kaanga vitunguu dakika 5 mpaka viwe vya kahawia. Dakika 5 jamani! Muda huo kitunguu ndo kwanza kimelainika, bado kimejaa maji, na maji yakiwemo hakiwezi kuiva rangi hata ufanyeje. Mimi nikaamini kitabu nikaongeza moto, vikaungua kingo huku ndani vibichi, mchuzi mzima ukawa mchungu tukala mkate na chai. Siku hizi naweka moto wa wastani, natia chumvi kidogo itoe maji haraka, nasimama hapo hapo karibu nusu saa mwiko mkononi, vikianza kushika chini natia vijiko 2 vya maji nakwangua naendelea.

Hapo ndo palitakiwa picha, sio kwenye bakuli. Tena na pale wanaposema pika nyanya mpaka mafuta yajitenge, sasa mtu hajawahi kuyaona yakijitenga atajuaje? Nilikuwa natia maji mapema, nyanya inabaki na ukali na viungo vinanuka vumbi. Kumbe unangoja rojo lizidi kuwa zito, ukipitisha mwiko chini ya sufuria linaacha njia na halijifungi upesi, halafu pembeni vinatokea vitone vya mafuta vya rangi ya chungwa. Picha moja tu ingenimalizia kazi.

Badala yake wametupa picha ya vibakuli 7 vya viungo vimepangwa duara, vizuri kweli, ila mgeni anadhani vyote vinaingia pamoja. Uzile mzima, yaani bizari nyembamba, unatangulia kwenye mafuta ya moto, kitunguu saumu kinasubiri kile cha maji kiive kwanza maana chenyewe kinaungua upesi, na vya unga vinaingia mwishoni mwa kukaanga, moto mdogo, nusu dakika tu usije ukaviunguza vikawa vichungu. Kuna na kijiko 1 cha bizari, haya bizari gani? Ya manjano, nyembamba, au ile ya mchuzi iliyochanganywa kabisa? Kibakuli pichani kina unga wa njano, na manjano na bizari ya mchuzi zote ni njano!

Sisemi vitabu vitupwe, hicho changu ndo kilinifundisha kupiga mtindi kwanza na kupunguza moto kabla ya kuutia ili usikatike, na hilo pishi sasa nalipika bila kuangalia. Ila wachapishaji kama mnasoma gazeti hili, mpiga picha aje mapema kitunguu kikiwa bado jikoni. Mimi kwenye ukurasa wangu wa kwanza, wenye alama ya kidole gumba cha manjano, ile 5 nimeshaikata kwa kalamu nikaandika 30.

Msomaji wenu, mpishi wa nyumbani