Barua kwa mwanangu aliyeko Malindi

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku Lamu hatujambo. Mamako anakusalimu, na achari ya maembe uliyoiagiza imo chupani, inangoja mtu wa kukuletea.

Juzi kwenye simu ulicheka sana. Ukanieleza mpishi wa hoteli yenu anavyokuwekea chakula ukichelewa kutoka, na yule dada wa mapokezi aliyekushikia zamu siku mbili ulipougua. Kisha ukapitisha kama jambo dogo tu kwamba meneja amefuta likizo zenu kwa ujumbe wa WhatsApp usiku wa manane, na kwamba sahani zikivunjika mnakatwa mshahara nyote, hata aliyekuwa kwao amelala. Ukamaliza, "Lakini baba, wenzangu ni watu wazuri." Hiyo "lakini" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Unajua nilikuwa baharia kabla magoti hayajanigomea. Kuna msimu mmoja wa kaskazi tulipakia simsim kwenda Mombasa. Jahazi lilikuwa linavuja. Fundi wa Matondoni alishasema lipandishwe pwani likalafatiwe upya, yaani mianya ya mbao izibwe, nahodha akakataa, eti siku zitapotea. Basi tukawa tunafua maji ya ngama, yaani kuyachota yaliyojaa chini ndani ya jahazi na kuyamwaga, kwa zamu, mchana na usiku. Na mwanangu, tulikuwa na raha! Mmoja akiimba, mwingine akichoka anapokonywa ndoo kwa matani. Tulipokuwa tunakata Ghuba ya Ungwana mikono ilikuwa imechubuka, na bado tunacheka. Magunia yakafika makavu. Tajiri, mwenye jahazi, akamsifu nahodha, akampa na bahashishi. Safari ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Nilichelewa kuelewa. Ni sisi tuliokuwa tukimficha tajiri yale maji. Kwa kupendana kwetu, tundu halikuonekana.

Tuliporudi nilimshika tajiri mkono, nikamshusha chini, nikamwambia atie mkono ngamani. Nahodha akaniita mfitini, na msimu uliofuata sikuitwa. Mamako anaukumbuka msimu huo, usimuulize wakati ana hasira. Lakini wenzangu walikuwa wakipita nyumbani jioni na samaki, na mmoja wao ni yule unayemwita ami mpaka leo. Wewe unadhani ukiondoka pale utawapoteza. Mimi sikumpoteza hata mmoja, isipokuwa nahodha.

Sikwambii uache kazi kesho. Najua bei ya nyumba huko, na najua Mei hoteli zinavyokuwa tupu. Ila acha kufua kimyakimya. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na siku moja ya mapumziko katika kila saba. Mali ya hoteli ikiharibika, anayeweza kukatwa ni yule aliyeiharibu kwa makusudi. Aliyekuwa kwao amelala hahusiki. Nunua daftari la shilingi chache, uandike: tarehe, zamu, kiasi kilichokatwa. Wenzako nao waandike. Kisha nendeni pamoja kwa mwenye hoteli, maana huenda naye anaona wageni wanaondoka wameridhika akadhani meneja wake ni hodari. Msiende kumsema meneja kwamba ni mkali. Ukali kila mtu ana wake. Pelekeni hesabu.

Mkipuuzwa, toa ilani ya kuacha kazi ya siku 28 kwa maandishi, na usitoke bila cheti cha utumishi. Hicho ni haki yako, hata meneja akinuna.

Na jambo moja linalonikera kuliko yote: uliniambia sasa simu ikilia usiku moyo unakupiga. Mimi na mamako tumezoea kukupigia baada ya isha. Tangu leo tutapiga asubuhi.

Ukipata hizo siku za likizo, panda basi la Mokowe, na umwalike huyo dada wa mapokezi. Chumba cha juu kipo. Mpishi naye mgawie achari, ila usimmalizie chupa.

Babako