Shukrani kwa mzee wa nyumba ya mkabala, Minneapolis, Marekani

Mzee wangu, jina lako silitaji maana hupendi kutajwa, lakini ulichonitendea lazima watu wakijue.

Januari ile nilikuwa na wiki tatu tu Minneapolis, nimetoka Tanga, theluji sijawahi kuishika. Ilianguka usiku kucha na kesho yake. Asubuhi ya pili, saa moja, nikasikia mlango unagongwa: wewe, beleshi mkononi. Ukanieleza kwamba gari langu liko upande wa nyumba zenye namba shufwa, na siku ya pili ya dharura ya theluji, yaani jiji linapotangaza magari yapishe mitambo ya kuondoa theluji, upande huo hauegeshwi gari kuanzia saa mbili. Likikutwa, linavutwa, na faini juu.

Gari likagoma kuwaka kwa baridi. Ukaleta nyaya, ukaunganisha betri yangu na yako, ukayafukua magurudumu yote manne. Uliponiona natetemeka ukavua glavu zako ukanivisha, bado zina joto la mikono yako.

Kisha ukanichorea kwenye kipande cha boksi pasipoegeshwa gari: siku ya kwanza njia kuu, ya pili shufwa, ya tatu witiri. Kipo mlangoni pa friji mpaka leo.

Asante sana, mzee wangu. Nanyi ndugu mlio huku, mgeni akihamia mtaani kwenu, mgongeeni mlango kabla theluji haijaanza.