Shaba haikati jiwe, mchanga ndo unakata

Mhariri, salamu. Mi msomaji wenu wa siku nyingi ila huwa siandiki, sema ile makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu vyombo vya mawe vya Misri ya kale imenifanya niweke greinda chini. Mwandishi kasema mitungi ile ya granaiti na dayoriti, jiwe jingine gumu, haiwezekani imetengenezwa na watu waliokuwa na shaba tu, eti kulikuwa na mashine zilizopotea au wageni kutoka sayari nyingine. Dogo ninayefanya naye kazi akaisoma kwa sauti pale bandani na wote wakamuunga mkono, "kweli bosi, shaba itakataje granaiti?"

Ngoja niseme kama fundi. Mwaka wa 14 huu nakata granaiti, makaunta ya jikoni, ngazi, mawe ya makaburi pia. Kila wiki natoboa tundu za bomba la sinki. Biti ninayotobolea ni bomba tupu la chuma, na watu wanadhani kile chuma ndo kinakata. Wapi! Chuma kitupu ukikisugua kwenye granaiti kinaisha chenyewe. Kinachokata ni chembe za almasi zilizogandishwa mdomoni mwa lile bomba, chuma kazi yake kuzibeba na kuzizungusha basi, almasi zikiisha biti naitupa hata kama bomba lenyewe bado zima.

Mmisri hakuwa na biti ya almasi, alikuwa na mchanga. Mchanga mwingi wa kule ni kwatsi, madini yale yale yanayong'aa kama kioo ndani ya granaiti yenyewe. Kwenye ile skeli ya ugumu ya 1 mpaka 10 shaba iko kama 3 na kwatsi iko 7. Kwa hiyo unafunga bomba la shaba kwenye kijiti, unakizungusha kwa upinde wenye kamba, yaani keke ile ile waliyokuwa wanatobolea mbao mafundi majahazi wetu huku pwani, halafu unamwaga mchanga. Na ulaini wa shaba ambao mwandishi wenu anaucheka ndo uzuri wake, punje zinanasa kwenye shaba zinaburuzwa nayo, jiwe linasagika taratibu. Wazee walishasema papo kwa papo kamba hukata jiwe, na hiyo kamba haina hata mchanga.

Ukitoboa kwa bomba katikati kinabaki kiini, kama kipande cha muhogo. Mimi navyo vimejaa nje ya banda, watoto wanachezea. Wamisri nao waliviacha. Flinders Petrie, yule Mwingereza aliyeenda kupima piramidi za Giza kuanzia 1880, alivikusanya, na kimoja cha granaiti chenye mikwaruzo ya kuzunguka kiko mpaka leo London kwenye makumbusho yenye jina lake. Petrie mwenyewe alidhani walipachika vito vigumu kwenye mdomo wa bomba. Baadaye akaja Mwingereza mwingine, Denys Stocks, huyu hakutaka kubishana, alitengeneza vifaa vyenyewe vya shaba akaenda navyo Aswan, kule kule Misri, akatoboa granaiti kwa mikono. Alitumia mchanga mkavu, kitu ambacho mimi nisingethubutu maana bila maji biti yangu inaungua, ila yake inazunguka polepole. Ilikata. Kwa mwendo wa konokono na shaba ikaliwa sana, lakini ilikata.

Sasa swali ambalo mwandishi angeuliza angeonekana anajua: mtungi wenye mdomo mwembamba na tumbo pana, tumboni unafikaje? Maana bomba linaenda moja kwa moja tu. Hapa ndo nawavulia kofia. Walichonga kwanza umbo la nje, wakatoboa katikati, halafu wakaingiza jiwe gumu lenye umbo la namba 8, limebanwa kiunoni. Jiwe linapita mdomoni kwa wima, likifika ndani linalazwa, linashikwa pale kiunoni na kijiti chenye panda, unazungusha huku mchanga unasaga ukuta. Tumbo likitanuka unabadilisha, unaweka jiwe refu zaidi. Juu ya kijiti wanafunga mawe mawili mazito ya kukandamiza. Hamna mota hapo, ni mkono wa mtu unazungusha na kurudisha, zungusha rudisha.

Na siyo mimi ninayesema, wenyewe wamejichora. Pale Saqqara, eneo la makaburi ya kale Misri, kwenye kaburi la Mereruka, waziri mkubwa wa mfalme Teti, zaidi ya miaka 4,200 iliyopita, ukutani wapo mafundi wanatoboa vyombo kwa hicho kifaa. Tena kifaa chenyewe kikawa herufi kwenye maandishi yao, kinaandikia neno la ufundi na fundi. Hebu fikiria, watu wanaitaka picha ya fundi wanachora mtoboa mitungi!

Chini ya piramidi ya ngazi ya Djoser, hapo hapo Saqqara, vilikutwa vyombo vya mawe kama 40,000, vingi vimevunjika, na vingine vina majina ya wafalme waliomtangulia. 40,000 siyo muujiza jamani, hiyo ni karakana. Kuna mafundi, kuna saidia fundi, kuna mtu kazi yake ni kuleta mchanga. Na uchakachuaji ulikuwepo, maana kuna makaburi yamekutwa na vyombo vya geresha, nje mtungi kamili ila ndani wamechimba kidogo tu mdomoni. Fundi nikiona hivyo najua kabisa hawa ni binadamu wenzangu.

Zile klipu za WhatsApp za mitungi iliyopimwa kwa skana, eti imenyooka mno kwa kazi ya mkono, nimeziona. Mingi ya mitungi hiyo ni ya watu binafsi, haijulikani ilichimbwa wapi, mi siwezi kujengea hoja juu ya mzigo usio na risiti.

Kuhusu dogo, tulimaliza ubishi kwa vitendo. Tuliomba kipande cha bomba la shaba kwa fundi AC wa jirani, tukachukua kipande cha granaiti kilichobaki kwenye kazi na mchanga wa mto Mpiji, siyo wa ufukweni maana ule una matumbawe mengi yaliyosagika, ni laini. Tukazungusha kwa upinde kwa zamu kuanzia saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi. Tumepata duara moja safi, kina chake hakifiki hata unene wa shilingi, na bomba limepungua tunaliona kwa macho. Dogo sasa hivi jiwe lake kaliweka mlangoni, kila mteja akija kubishia bei kwamba mashine ndo inafanya kazi yote anamkabidhi upinde.

Naomba mkipata nafasi mchapishe ile picha ya ukuta wa Mereruka, hata ndogo.

Fundi granaiti,
Tegeta, Dar es Salaam