Sabuni za kufulia zipimwe kwa mimea ya majini pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu nizungumzie pakiti ya sabuni ya unga niliyoinunua mwezi uliopita katika duka la jirani hapa Mwanza. Pakiti hiyo imechapwa picha ya jani la kijani na maneno “rafiki wa mazingira”, lakini hakuna mahali panapoeleza urafiki huo umepimwa namna gani. Nilimpigia simu msambazaji, naye akanijibu kwa upole kwamba sabuni yao haiui samaki. Nilipomuuliza kama imewahi kujaribiwa kwa mimea inayoota majini, alisema hajawahi kusikia kipimo cha namna hiyo.

Kipimo kipo, na si kigumu. Mwaka 2006 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilitoa mwongozo wake namba 221, ambao unatumia mmea mdogo sana unaoelea juu ya maji yaliyotulia, na ambao wataalamu huuita Lemna. Wengi wetu tumeuona kwenye madimbwi na mabwawa ya samaki bila kuujua jina: vijani vya mviringo vidogo kuliko punje ya mchele, vimeshikana viwili viwili au vitatu vitatu, kila kimoja na mzizi mmoja mwembamba unaoning'inia majini. Mmea huu huwekwa katika vyombo vyenye viwango visivyopungua vitano vya kemikali inayopimwa, pamoja na vyombo vya kulinganishia visivyotiwa kemikali, kisha majani huhesabiwa kwa muda wa siku saba. Hata kijani kinachochungulia tu ukingoni mwa jani mama huhesabiwa. Ili jaribio likubalike, ni lazima mimea ya vyombo vya kulinganishia iongezeke maradufu katika muda usiofika siku mbili na nusu, yaani izidi takribani mara saba kufikia mwisho wa juma. Kutokana na hesabu hizo hupatikana kiwango cha kemikali kinachopunguza kasi ya ukuaji kwa nusu.

Nilipokuwa nikifundisha biolojia, tuliwahi kufanya jaribio la namna hiyo darasani kwa chupa za plastiki zilizokatwa shingo, na ingawa halikuwa na vipimo vya maabara, sijasahau tulichokiona. Siku mbili za kwanza hapakuwa na tofauti yoyote, na baadhi ya wanafunzi walikuwa tayari kuandika kwamba sabuni haina madhara. Kufikia siku ya tano, katika chupa yenye sabuni nyingi majani yalikuwa yamepauka kuanzia pembeni, vishada vimeachana, na mizizi imekatika na kulala chini ya chupa kama nyuzi. Iliyonifundisha zaidi ni chupa ya katikati, yenye sabuni kidogo. Mimea yake ilikuwa hai na ya kijani, lakini majani yalikuwa ni yale yale tuliyoyahesabu siku ya kwanza, huku chupa ya maji matupu ikiwa imekaribia kufunikwa uso wote. Mtu aliyepita na kutazama mara moja angesema chupa ile ni salama.

Ndiyo maana jibu la kwamba samaki hawafi halinitoshi. Kemikali inayoipa sabuni nguvu ya kung'oa mafuta kwenye nguo huweza pia kuharibu utando laini unaozunguka chembe hai za mmea, na mmea hauwezi kuhama kama samaki anavyokimbilia maji mengine. Maji ya kufulia na ya kuoshea pikipiki yanayoingia katika Mto Mirongo hupita katikati ya jiji na kuishia Ziwa Victoria, na huko mimea ya maji ya kina kifupi ndiyo hutangulia kuyapokea. Humo ndimo sato wadogo hujificha, na wavuvi wanalijua hilo kuliko mimi.

Lazima niseme pia kwamba kipimo hiki peke yake hakimalizi kazi. Maji ya maabara huwa yametiwa virutubisho vya kutosha, kwa hiyo hayaonyeshi dhara la fosfeti, ambayo katika baadhi ya sabuni za unga hutumika kulainisha maji magumu. Fosfeti haiui mimea. Huilisha, hata mwani ukatanda juu ya maji, ukazuia mwanga, kisha ukaoza na kumaliza oksijeni. Umoja wa Ulaya ulianza kubana fosfeti katika sabuni za kufulia za majumbani mwaka 2013 kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo, sifa ya kwamba sabuni “huoza haraka” inahitaji kuangaliwa kwa makini. Kemikali za kung'oa mafuta za jamii ya salfoneti, zilizochukua nafasi ya zile za zamani katika sabuni miaka ya 1960, baada ya mito ya Ujerumani na Marekani kujaa povu, huvunjwa vizuri na bakteria penye hewa, lakini katika tope na mashimo ya maji machafu yasiyo na oksijeni huvunjika kwa shida sana.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto na ziwa, nami naiunga mkono kwa moyo wote, ila povu husafiri na mifereji ya mvua kutoka mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo naomba mamlaka zinazosimamia viwango na mazingira zidai kwamba sabuni yoyote inayouzwa kwa jina la “rafiki wa mazingira” iwe imepimwa kwa mimea ya majini na kwa mwani, ikiwa katika mchanganyiko ule ule unaomfikia mnunuzi na si kiungo kimoja kimoja, na kwamba kiasi chake cha fosfeti kiandikwe kwenye pakiti kwa Kiswahili. Vyuo vyetu vikuu vina maabara na vijana wanaoweza kufanya kazi hiyo, na mmea wenyewe unaota bure kwenye madimbwi yetu.

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Mwanza